Naomba ushauri: kideri kimepita bandani, nimebakiwa na kuku 9 na njiwa

Habari zenu wakuu. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Singida. Nilikuwa nao 46, sasa wamebaki 9. Walianza kuzubaa na kushusha mabawa, wakaharisha kijani, wengine shingo zikapinda kabisa. Muuza dawa akanipa antibayotiki ya OTC, nikawanywesha siku tatu, wapi! Baadaye ndipo nikaelewa kuwa kideri (mdondo) ni kirusi, antibayotiki haikigusi.

Kosa ni langu. Chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2, hurudiwa kila miezi mitatu, mimi niliiruka mara mbili. Halafu nikaleta jogoo wa mnadani na kumwachia siku ileile achangamane na wenzake.

Sasa hawa 9 wanakula vizuri. Je, niwachanje sasa au nisubiri? Banda nimeshalifagia na kulipiga chokaa, likae tupu muda gani kabla ya kuleta vifaranga? Na njiwa wangu, ambao hawajaugua hata mmoja, wanaweza kuwa ndio wanaouhifadhi ugonjwa? Mke wangu anataka tuwachinje wote, mimi nasita.