Seva ndogo ya maktaba bila intaneti, shule ya Ahero: Pi 4, Pi 5 ama Orange Pi?

mwl_wa_kano
Wadau, hamjambo. Shule ya sekondari, Ahero. Tuna tableti 24, data haitoshi hata wiki. Tunataka kompyuta ya bodi moja iwe seva ya Wikipedia na masomo ya hesabu, wanafunzi waingie kwa Wi-Fi pasipo intaneti. Stima hupotea sana mvua ikianza. Bajeti ni elfu 25. Ninunue bodi gani? Chaja ya simu itatosha? Niitafute Kisumu ama niagize Nairobi?

kebo_fupi
Mwalimu, chukua Raspberry Pi 4 ya GB 2 au GB 4. Kiwix, ile programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, haili memori nyingi. Pi 5 ina kasi zaidi lakini inataka adapta ya volti 5, ampea 5. Ukiipa ya ampea 3 itawaka, ila milango yote ya USB kwa pamoja itagawana miliampea 600 tu, na diski ya nje itakuwa inajizima. Raspberry Pi Zero 2 W ni ya bei nafuu, lakini memori yake ni MB 512 na haina tundu la kebo ya mtandao. Orange Pi bodi zake si mbaya. Shida ni programu. Ukihamishwa shule, atakayebaki atapata maelezo ya Pi kila mahali, ya Orange Pi atayatafuta kwa tochi. Na muuzaji akikuonyesha "Raspberry Pi" ya bei ya kutupa, hakikisha si Pico. Pico ni bodi ndogo ya kudhibiti vifaa, haiwezi kuendesha Linux, mfumo ambao seva hii inauhitaji.

Chaja ya simu, sahau. Kosa mara nyingi liko kwenye kebo. Kebo nyembamba yenye ukinzani wa omu 0.3, ikipitisha ampea 2, inameza volti 0.6. Ukianza na 5.1, bodi inapata 4.5, na Pi huanza kulalamika chini ya 4.63. Hapo inapunguza kasi, inajiwasha upya, na kadi ya memori inaharibika katikati ya kuandika. Watu husema bodi ni mbovu, kumbe ni kebo. Nunua adapta ya 5.1V 3A ambayo kebo yake imeungwa moja kwa moja. Kisha andika amri hii kwenye Pi: `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, uko salama. Likiwa 0x50000, umeme ulishuka wakati fulani tangu iwashwe. 0x50005, unashuka sasa hivi.

bondeni_nkr
Mimi napinga kidogo. Kwa elfu 25, angalia pia kompyuta ndogo za mezani za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza), zile za kukaa nyuma ya skrini. Zinakuja na SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), saa yenye betri yake, na adapta yake. Ubaya ni umeme: nyingi hula wati 10 hadi 20 zikiwa zimetulia tu, Pi 4 hula kama 3. Mkitegemea stima peke yake, chukua ex-UK. Mkitegemea sola, Pi.

Ukishika Pi 4, kumbuka haina saa ya betri. Stima ikipotea na hakuna intaneti, tarehe inarudi nyuma na rekodi za wanafunzi zinavurugika. Weka moduli ya saa ya DS3231: pini 1 (volti 3.3), pini 3, pini 5, na pini 9 ya ardhi. Ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `/boot/firmware/config.txt`. Usiilishe volti 5! Zile moduli za bluu zina njia ya kuchaji betri, na CR2032 si ya kuchajiwa, itavimba.

mwl_wa_kano
Asanteni. Kuna betri ya sola ya asidi, 12V 20Ah, ofisini. Itasukuma siku nzima ya shule?

kebo_fupi
Hiyo ni Wh (wati-saa) 240. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 120. Pi na SSD wati 5, rauta wati 5: saa 12 kwenye karatasi, saa 10 hivi ukitoa kinachopotea kwenye kigeuzi, kifaa cha kushusha volti 12 ziwe 5. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni inafika. Paneli ya wati 50 itairudishia, mvua isipokaa siku tatu mfululizo.

Kigeuzi cha LM2596 kimeandikwa ampea 3, lakini kikipita 2 kinachemka. Chukua cha ampea 5. Kipime kwa mita na ukiweke kwenye 5.1 KABLA ya kuunganisha Pi, maana kikitoka dukani kinaweza kuwa kwenye 12. Fyuzi kwenye waya chanya wa betri, karibu na betri yenyewe.

nyuki_wa_kakamega
Hamjagusa Wi-Fi na kadi.

Wi-Fi ya ndani ya Pi haitabeba tableti 24. Tumia rauta, hata ya zamani, uunge Pi kwa kebo na uipe anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Tableti zitasema mtandao hauna intaneti. Mwanafunzi akubali kubaki, la sivyo zinaruka kwenye data.

Kadi bandia ziko kila mtaa. Imeandikwa GB 128, ndani ni 16, na faili za mwisho zinajiandika juu ya za kwanza kimyakimya. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux, mbele ya muuzaji akikubali. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo sana, weka zote. Diski ikiwa imepangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 haikubali faili moja inayozidi GB 4, itakukatalia unakili ukiwa njiani. Tumia mfumo wa ext4.

Kwa hesabu weka Kolibri, programu ya masomo bila intaneti. Ina masomo ya Khan Academy, na menyu yake inapatikana kwa Kiswahili. Pakua mjini penye intaneti, ubebe kwa diski.

Stima ikikatika ghafla, kadi ndiyo hufa kwanza. Nenda `sudo raspi-config`, sehemu ya Performance, uwashe Overlay File System ili kadi isiandikwe. Angalizo: data ya Kolibri iwe kwenye SSD, ama kila ukizima majina na alama za wanafunzi zinapotea.

bondeni_nkr
Kuhusu duka: la Kisumu likisema litaagiza Nairobi, ulizia bei ya Nairobi kwanza, uongeze nauli ya kifurushi, ndipo ukubali. Tovuti ya Raspberry Pi inaorodhesha wauzaji walioidhinishwa kwa kila nchi. Ukiagiza nje, VAT ya asilimia 16 inakungoja.

mwl_wa_kano
Chumba ni cha mabati, mchana kinawaka. Itavumilia?

kebo_fupi
Ikifika nyuzi 80 inapunguza kasi yenyewe. Bandika vipande vya alumini vya kupooza, usiiweke juu ya rauta, na kasha liwe na matundu. `vcgencmd measure_temp`, saa nane mchana.