Naomba ushauri: monita ya kuhariria picha za harusi, maana picha zangu zikisafishwa zinatoka na giza

MwangaTanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninapiga picha za harusi hapa Tanga, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikihariri kila kitu kwenye kompyuta mpakato ya inchi 15.6 ambayo kioo chake, nikiinamisha kichwa kidogo tu, kinambadilisha bibi harusi kutoka maji ya kunde hadi kijivu. Nilikwisha kuizoea kasoro hiyo. Mwezi uliopita, hata hivyo, nilipeleka picha 120 za albamu kusafishwa Dar es Salaam, zikarudi na giza: suti nyeusi za bwana harusi na mpambe wake zimeungana zikawa doa moja, na hina ya mikononi, ambayo kwangu ilionekana kila ua na kila jani, imezama kabisa. Mteja alilalamika, na gharama ya kusafisha upya nikaibeba mimi.

Nimetenga shilingi 900,000. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishauri nichukue inchi 27 ya 4K kwa madai kwamba pikseli zikiwa nyingi rangi nazo huwa sahihi. Rafiki yangu anasema ninunue runinga ya inchi 32, kazi iishe. Naomba pia kueleweshwa maana ya sRGB, NTSC na Adobe RGB zinazoandikwa kwenye maboksi, kwa mtu ambaye kazi yake ni albamu na picha za kutumiwa wateja kwenye simu.

Kapteni Kamera

Runinga iache sebuleni, dada. Runinga nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, yaani takriban 49 kwa kila inchi, na zaidi ya hapo zinanoa kingo za picha na kukoleza rangi zenyewe ili mpira upendeze. Utakuwa unahariri mapambo ya kiwandani badala ya picha yako.

Muuzaji wako naye amechanganya mambo mawili. Pikseli huleta ukali wa picha. Rangi hutegemea aina ya paneli, yaani tabaka la kioo linalounda picha, na taa iliyo nyuma yake. Aina kuu ni tatu: TN, IPS na VA. Hicho kioo chako kinachogeuka ukiinamisha kichwa bila shaka ni cha paneli ya TN. Wewe tafuta IPS, ambayo ukiitazama kwa pembeni rangi hazihami sana. Paneli ya VA ina weusi mzito unaovutia, lakini vivuli vyake hubadilika kulingana na mahali ulipokaa, na kwa suti nyeusi hilo litakusumbua.

Kuhusu maboksi: sRGB ni eneo la rangi, yaani mkusanyiko maalumu wa rangi zinazoweza kuonyeshwa, lililowekwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndilo ambalo intaneti na studio nyingi za kusafisha picha hulitegemea. NTSC ni eneo la rangi la zamani la runinga, linalotumika kama kipimo tu; ukiona imeandikwa asilimia 72 ya NTSC, ukubwa wake unakaribiana na sRGB nzima. Ukiona asilimia 45, kama zilivyo kompyuta mpakato nyingi za bei ya chini, ujue hata theluthi mbili za sRGB hazifiki. Kwa hiyo kuna rangi za kanga na vitenge ambazo umekuwa ukizihariri bila kuziona.

Rangi Saba

Ninatofautiana kidogo na Kapteni. Kwa kuwa dada anachapisha albamu, afadhali ajikaze apate monita inayoonyesha Adobe RGB, eneo la rangi lililotolewa mwaka 1998 na linalofika mbali kuliko sRGB, hasa kwenye kijani na samawati-kijani. Atakayenunua leo kitu kidogo atanunua mara mbili.

Mzee wa Chumba cha Giza

Rangi Saba, hoja yako ingesimama kama angekuwa anachapa mwenyewe kwa printa ya wino yenye rangi nyingi. Mashine za studio za kusafishia picha, ambazo nimezisimamia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa kawaida hupokea faili la sRGB, na ukizipelekea Adobe RGB bila fundi kujua, picha hutoka zimepauka. Na monita yenye rangi pana isiyosimamiwa vizuri hukuonyesha wekundu uliokolea kupita kiasi, nawe unaupunguza, kisha mteja anafungua simu yake na kuuliza kwa nini bibi harusi anaonekana mgonjwa.

Ila wote mmerukia rangi, wakati binti huyu hakulalamikia rangi. Amesema giza. Binti, mwangaza wa kioo chako umeuweka asilimia ngapi, na unakaa wapi unapohariri?

MwangaTanga

Shikamoo, mzee. Mwangaza nimeuweka asilimia 100, maana dirisha liko nyuma yangu na nikiupunguza sioni vizuri. Chumba kimepakwa rangi ya kijani.

Mzee wa Chumba cha Giza

Marahaba. Basi giza lako tumelipata kabla hujatoa hata shilingi.

Karatasi haina taa ndani yake. Kioo kikiwaka kupita kiasi, picha iliyopigwa na giza huonekana ya kutosha, nawe unaiacha jinsi ilivyo au hata unaipunguza zaidi, na karatasi inakuja kusema ukweli. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiweza kufika kandela (kipimo cha mwangaza) 250 au zaidi kwa mita ya mraba, ilhali kwa picha za kusafishwa tunafanyia kazi kati ya 80 na 120, tukiweka weupe kwenye kelvini 6500, kipimo cha jinsi weupe ulivyoelekea umanjano au ubuluu. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, weka pazia, na huo ukuta wa kijani upake kijivu au nyeupe isiyo na mng'ao, kwa sababu unarudisha kijani kwenye kioo na jicho lako linafidia kwa kuongeza wekundu usoni mwa watu. Zima pia modi ya usiku inayotia kioo umanjano.

Kisha fanya jaribio hili. Chagua picha tano, zipeleke studio ileile na umwombe fundi azisafishe bila kurekebisha chochote, kwani mara nyingi mashine au fundi huongeza na kupunguza mwanga kwa kila picha bila kukuambia. Zikirudi, ziweke kando ya kioo chini ya taa nyeupe, ufungue mafaili yaleyale, na upunguze mwangaza hadi kioo kifanane na karatasi. Usiyaguse mafaili; kinachorekebishwa hapo ni kioo.

Kapteni Kamera

Mzee amenifunika, nakubali. Basi niongezee upande wa kununua. Kwa kazi hii inchi 24 ya IPS inayofikisha sRGB yote inatosha. ASUS ProArt PA248QV ni mfano mzuri, na kimo chake cha pikseli 1200 kinakuachia nafasi ya vitufe vya Lightroom, programu ya kuhariria picha, chini ya picha. Kama utachukua iliyotumika, kwa mfano Dell U2415, nenda na picha tano kwenye flashi: nyekundu tupu, kijani tupu, buluu tupu, nyeupe na nyeusi. Kwenye nyeupe angalia kama pembe zimeingia umanjano, kwenye nyeusi angalia mwanga unaovuja kingoni, na zile tatu zitakuonyesha pikseli zilizokufa. Iache iwake nusu saa kabla ya kuamua, hata muuzaji akinuna.

Kinachobaki kwenye bajeti kielekeze kwenye kifaa cha kupimia rangi, kama Spyder ya Datacolor. Mnaweza kuchanga wapiga picha watatu, kwa sababu kila mmoja anakihitaji mara moja tu kwa mwezi.

MwangaTanga

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Meza nimeigeuza, na picha tano zimerejea leo asubuhi. Nilipozilinganisha, mwangaza ulishuka kutoka asilimia 100 hadi 35 ndipo kioo kikafanana na karatasi, na pale nikaona kwamba zile suti zilikuwa doa moja kwenye faili tangu mwanzo. Nimeongeza mwanga kwenye vivuli, na kola za makoti sasa zinaonekana.

Rangi za kitenge bado hazilingani, hasa zambarau, kwa hiyo monita nitainunua, ile ya inchi 24. Wenzangu wawili wamekubali kuchangia kipimaji. Ukuta utapakwa Jumamosi, ingawa mwenye nyumba ameuliza kijivu ni cha msiba wa nani.