Naomba ushauri: je, niwaonyeshe wanafunzi filamu ya Boiler Room?

Ndugu zangu, nasimamia klabu ya uwekezaji ya wanafunzi wa biashara, na nimekusudia kuwaonyesha Boiler Room, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Ben Younger. Inamhusu Seth, kijana aliyeacha chuo akawa anachezesha kamari nyumbani kwake Queens, jijini New York, kisha akajiunga na kampuni ya udalali huko Long Island, ambako vijana wenzake hushinda kwenye simu wakiwauzia watu hisa zisizo na thamani.

Kinachonisumbua ni kwamba wizi wenyewe unavutia mno. Mwigizaji Ben Affleck anapojitapa mbele ya vijana waliokuja kuomba kazi kuwa ni milionea mwenye Ferrari, hata mimi mtu mzima nilijikuta natabasamu. Mwaka jana, baada ya filamu ya namna hii, mwanafunzi mmoja aliniuliza kazi hiyo inaombwa wapi, na wala hakuwa anatania.

Kwa upande mwingine, sijaona somo bora kuliko Harry, baba wa familia aliyeweka akiba ya kununulia nyumba, anavyobembelezwa kwa simu kidogo kidogo hadi akiba yote inateketea, naye mkewe anaondoka. (Matusi ni mengi, lakini wanafunzi wangu ni watu wazima.)

Je, nianze kwa kueleza jinsi bei ya hisa inavyopandishwa kwa hila ili wenye nazo wauze na kutoweka, au niiache filamu iishe kwanza ndipo tujadili? Waliowahi kufundisha kwa filamu, naombeni uzoefu wenu.