Kuku wa yansuji wa soko la Shilin: ganda labanduka kwenye karai, kasoro iko wapi?

KaraiLaTudor
Asalaam aleikum. Swali kwa wanaovijua vyakula vya masoko ya usiku ya Taipei. Nataka kuweka yansuji, wale kuku wa vipande vidogo wa Shilin, kwenye meza ya jioni kando ya viazi karai na mihogo. Natumia kilo moja ya minofu ya kifua, sosi ya soya, thomu, ndimu na bizari ya pilau. Nabingirisha kwenye unga wa muhogo wa pakiti, natia mafutani papo hapo. Nusu ya ganda yabanduka, iliyobaki ina madoa meupe, na baada ya robo saa limelegea kama mkate ulioloa. Tena, mapishi yote yataja divai ya mchele, na wateja wa hapa wengi ni Waislamu. Badala yake huwekwa nini? Na yale majani wanayotia mwisho ni ya nini?

MwikoWaMti
Waaleikum salaam. Anza na unga. Huo wa pakiti ni makopa yaliyosagwa, nyuzi na kila kitu. Taiwan hutumia wanga mtupu, kwa asili wa viazi vitamu, wenye chembe kama chenga za mchele. Wa muhogo wafaa sawasawa, lakini wanga, si unga.

Menya muhogo mtamu, uparuze, changanya na maji mara mbili ya ujazo wake, kamua kwa kitambaa cha melimeli. Acha maji yatuame saa 5 hivi, kisha yamwage polepole. Chini ya beseni utakuta tabaka jeupe gumu kama chokaa mbichi. Tia maji safi, koroga, acha lituame tena. Usiruke mara hii ya pili, ndiyo inayoondoa uchafu na ukakasi. Na yale maji ya kwanza usimnyweshe mbuzi, yana sumu ya muhogo.

Chembe hutengenezwa wanga ukiwa nusu mkavu: upitishe kwenye chekecheke la matundu ya milimita 2, halafu uanike mpaka ukauke kabisa. Ukisubiri ukauke kwanza, utapata vumbi. Muhogo kilo 5 hutoa wanga chini kidogo ya kilo 1.

JikoLaMakaa
Hata wanga uwe mzuri vipi, ukitia mafutani papo hapo utabanduka vilevile.

Acha kifua, tumia paja lisilo mfupa, vipande vya sentimita 3. Kifua hukauka kabla ganda halijaiva. (Kile kipande kipana kama sahani unachokiona kwenye picha ndicho cha kifua, lakini hicho ni jipai, kitu kingine.) Kwa kilo moja: sosi ya soya vijiko 4 vya chakula, sukari kijiko 1, thomu punje 8 zilizopondwa, pilipili manga nyeupe kijiko 1 cha chai, na unga wa viungo vitano vya Kichina (mchanganyiko mmoja) kijiko 1 cha chai. Friji saa 2 au zaidi.

Kabla ya kupaka, angalia chini ya bakuli. Kama kuna mchuzi umetuama, umwage. Nyama inate, isiogelee. Tia yai 1 na vijiko 2 vya wanga laini, vuruga mpaka kila kipande kiwe na utelezi mzito. Hapo ndipo unabonyeza wanga wa chembe kwa kiganja, kama gramu 250, na kukung'uta unaozidi. Panga kwenye sinia visilaliane, subiri dakika 10. Utaona weupe unafifia, chembe zinageuka kijivu na kung'aa kwa unyevu. Wenyewe hatua hii huiita fanchao, kurudi unyevu. Madoa meupe yako ni wanga ambao haukupata unyevu huo. Ila ukipitisha dakika 20, chembe huwa gundi na vipande hushikana.

Mafuta nyuzi 160, dakika 3, na sekunde 30 za mwanzo usiguse kabisa. Mwiko wa mapema hubandua ganda kuliko kitu chochote. Toa, pumzisha dakika 4, pandisha moto hadi nyuzi 190, rudisha kwa dakika moja. Kama huna kipimajoto, chovya kijiti kikavu cha mshikaki: mapovu madogo ya polepole ni 160, yakichemka kwa kelele ni 190.

MwikoWaMti
Kukaanga mara mbili mezani, wateja wamesimama? Wengi watakwenda zao.

JikoLaMakaa
Mara ya kwanza ifanye kabla ya foleni, iive mpaka ndani, isikae nje zaidi ya saa 2. Mara ya pili ni ya aliyeagiza. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu wa ndani ya nyama nao hupanda kwenye ganda. Mkaango wa pili ndio unaoutoa. Usifunike kwa sinia kama viazi karai. Mfuko wa kaki, mdomo wazi.

MrihaniNaAsumini
Bizari ya pilau itakupa kuku anayenukia pilau. Viungo vitano vya Kichina havina bizari nyembamba: ni karafuu, mdalasini, shamari, kile kiungo chenye umbo la nyota, na pilipili ya Sichuan. Hiyo ya mwisho ukiikosa, zidisha pilipili manga nyeupe kidogo.

Divai ni ya kukata shombo tu. Weka maji ya tangawizi kijiko 1 na maji ya kawaida vijiko 2. Ndimu ondoa: ikikaa muda mrefu hulainisha nyama kwa nje na ganda huteleza. Sosi ya soya nayo soma kibandiko, nyingine huongezwa pombe.

Majani ni ya jamii ya mrihani, Wataiwan huyaita jiuceng ta, mnara wa ghorofa tisa, kwa vile maua yake yamepandana. Mrihani wa vikuba wafaa, lakini si ule ulionyunyizwa marashi! Osha, kausha kabisa kwa kitambaa, tia mafutani sekunde 5, kaa mbali. Nyunyizia kuku na majani chumvi sehemu 2, pilipili manga nyeupe sehemu 1, viungo vitano nusu sehemu.

SafariYaLikoni
Naingilia kidogo. Anayefika Taipei, Shilin yafikiwa vipi, na Muislamu atakula nini?

MrihaniNaAsumini
Treni ya laini nyekundu, shuka Jiantan, si kituo kiitwacho Shilin. Kimanda cha chaza mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na kuku huweza kupikwa karai moja na nguruwe. Shika matunda, na chai ya maziwa yenye punje nyeusi, ambazo ni wanga wa muhogo huohuo. Kwa nyama, nenda Msikiti Mkuu ulioko barabara ya Xinsheng Kusini. Ijumaa wauzaji hupanga vyakula vya halali nje. Na usile ndani ya treni, faini yaanzia dola 1,500 za Taiwan.

KaraiLaTudor
Shukrani nyote. Na mafuta, mbona yawa meusi baada ya karai la tatu?

JikoLaMakaa
Ni chenga za wanga zinazoungua chini. Zichote kwa chujio la waya kila baada ya mkupuo, na usizidishe gramu 300 za kuku kwa lita 2 za mafuta.