Tupeane uzoefu: zawadi gani ilimfaa mtoto anayetaka kuotesha maua?

Shangazi Mtu

Habari zenu wapendwa. Binti wa kaka yangu anatimiza miaka 7 wiki tatu zijazo, na ombi lake ni moja: anataka kuotesha maua yake mwenyewe. Hataki ya kununua yakiwa yamechanua tayari. Kila akija kwangu anaokota maua yaliyoanguka, anayatia kwenye glasi ya maji, na kesho yake anahuzunika yakinyauka.

Mwaka jana nilimpelekea seti ya plastiki: sepeto, reki na ndoo, vyote vya rangi za kung'aa. Siku ile ile tukatoka kwenda kuchimba. Udongo ulikuwa mkavu. Sepeto likajikunja shingoni kabla hajatoa hata shimo moja, alipojaribu tena likakatika. Hakulilia sepeto. Alinitazama akasema, "Shangazi, mikono yangu haina nguvu." Maneno yale nimekaa nayo moyoni mwaka mzima, kwa sababu mtoto alidhani kosa ni lake.

Safari hii sitaki kukosea. Wenye watoto, na nyinyi mliopewa zawadi za namna hii mkiwa wadogo, nisimulieni. Nini kilidumu, na nini kiliishia uvunguni?

Mama Pacha

Pole dada. Kwangu kilichonishinda ni keni ya kumwagilia. Nilinunua ya lita 5 nikiwaza itatufaa miaka mingi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nilikuwa namtwisha mtoto wa miaka 6 kilo 5 na ushee. Aliiburuta mpaka kitaluni, na akiinamisha tu, maji yote yanatoka kwa mkupuo. Mbegu zikaelea. Baada ya siku kadhaa miche ikaota kwa mstari pembeni ya ukuta, pale maji yalipoishia, na katikati tulikopanda hakuna kitu.

Nikatafuta ya lita 1 yenye kichwa cha matundu madogo, maji yatoke kama manyunyu. Ukiikosa, chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto (kazi hiyo uifanye wewe, si mtoto). Wangu waliipenda chupa kuliko keni, maana ile wanaiminya.

Mzee wa Kitalu

Mwanangu, kabla hujafikiria vifaa, fikiria mbegu. Nimeotesha miche miaka mingi na nimeona wazazi wengi wakichagua mbegu kwa picha ya kwenye pakiti. Wewe tazama ukubwa wa mbegu yenyewe. Petunia ni ua zuri sana, lakini mbegu zake ni kama vumbi, ukipumua kwa nguvu zimeondoka. Tena hazitakiwi kufukiwa, zinataka mwanga ndipo ziote. Mtoto atazimwaga zote mahali pamoja, na zikikataa atajilaumu tena kama alivyojilaumu kwa sepeto.

Mpe alizeti. Ni mbegu anayoishika kwa vidole viwili na kuisukuma sentimita 2 au 3 ndani ya udongo. Mpe na zinia, mbegu yake ni bapa na haimpi taabu. Hiyo aifunike kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita 1. Udongo ukiwa na joto, zinia na marigodi huweza kuchomoza ndani ya wiki moja, na zinia ikatoa ua baada ya miezi miwili hivi. Waridi la kupanda kwa mbegu linaweza kukaa wiki nyingi bila dalili yoyote, na mtoto wa miaka 7 atakuwa ameshakata tamaa.

Zinia ina jambo jingine ambalo kwa huyu wako naliona kubwa. Ukikata ua, shina linatoa matawi na maua mengine. Mtoto wa kuweka maua kwenye glasi atakata apendavyo bila kukaripiwa, na mmea utamshukuru.

Halafu mbegu yoyote iliyopakwa rangi isiyo yake, iwe ya waridi, bluu au kijani, usimpe. Mara nyingi rangi hiyo ni alama kwamba imetiwa dawa.

Mama Pacha

Asante mzee. Hilo la kukata sikulijua, nilikuwa nawazuia wanangu.

Mjukuu wa Bibi

Mimi nilipewa nikiwa na miaka 8, na hakikuwa kifaa. Bibi alinichukua nyuma ya nyumba, akahesabu hatua, akanipimia kipande cha ardhi labda mita moja kwa mita moja, akaniambia nitafute mawe nikizungushie. Nilipomaliza akasema, "Ndani ya mawe haya ni kwako. Mimi mwenyewe nikitaka ua humo, nitakuomba."

Na kweli aliomba. Alikuwa anasimama nje ya mawe, hakanyagi, anabisha hodi kama amefika mlangoni kwa mtu. Mimi naacha kila kitu naenda kumkaribisha. Kuna siku nilimnyima, nikamwambia ua bado halijakomaa, akasema sawa, atarudi. Akarudi baada ya siku mbili. Nilimkatia lile kubwa kuliko yote.

Dada, kama nyumbani kwa kaka yako hakuna ardhi, hata beseni kuukuu lililotobolewa chini linatosha. Muhimu asiwepo mtu mzima wa kupanda kitu kingine humo.

Baba Mdogo

Nimesoma hiyo ya bibi nikanyamaza kidogo. Naomba niseme langu, ingawa si la kujivunia.

Mwanangu wa kiume alipanda marigodi kwenye makopo sita. Alikuwa anamwagilia asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Siku ya kumi miche ikaanza kulala, imeoza shina pale inapotokea udongoni. Baadaye nikaambiwa ugonjwa huo mabwana shamba wanauita kinyausi, ni ukungu unaopenda udongo uliolowa mno. Nilimwonea huruma nikafanya kosa. Usiku nikanunua miche mingine, nikaipandikiza kwenye makopo yale yale, nikafuta futa udongo.

Asubuhi akaenda kuitazama. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Baba, ule wangu wenye jani lililoliwa na konokono uko wapi?" Nilikuwa sijui kwamba anaujua mmoja mmoja.

Nilimweleza ukweli. Tukaanza upya pamoja, na nikamfundisha nilichopaswa kumfundisha mwanzo: chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha kwanza, kikitoka na unyevu leo humwagilii. Makopo tukayatoboa chini. Kwa hiyo shangazi, zawadi yoyote utakayotoa, weka na mbegu za akiba. Na mche ukifa, mwache auone, mkae naye.

Dada Mkubwa

Glavu msihangaike nazo. Nilinunua jozi mbili, zote zimekaa sandukuni. Mtoto anataka kugusa udongo.

Nesi wa Zamu

Dada Mkubwa, mimi naona glavu ziwepo, hasa akishika waridi au bogenvilia zenye miiba. Ila nakubali kwa mbegu haziwezekani. La lazima ni sabuni baada ya kazi, kucha fupi, na chanjo ya pepopunda iwe imekamilika, maana vijidudu vyake vinaishi udongoni.

Na mwangalie kilichopo uani. Oleanda ina maua mazuri na mmea mzima ni sumu. Mbegu za mbarika zina mabaka ya kupendeza kama shanga, na ni sumu kali mno. Mtoto anayeanza kukusanya mbegu ataziokota hizo kwanza. Mwonyesheni mapema.

Mwalimu wa Wadogo

Nyongeza yangu ni lenzi ya mkono ya kukuzia na kamba. Darasani tulipanda alizeti, kila mtoto na kamba yake. Kila Ijumaa anasimamisha kamba kando ya mche, anafunga fundo ulipofikia. Mwisho wa muhula kamba ina mafundo, na mtoto anayashika moja moja akieleza: hapa mvua ilinyesha sana, hapa nilikuwa naumwa.

Nikawasimulia kuhusu Hans-Peter Schiffer wa Ujerumani, ambaye mwaka 2014 alizeti yake ilifika mita 9.17. Tulitoka nje kupima umbali huo kwa hatua, wakapiga kelele.

Lenzi ni ya kutazama kichwa kikishachanua. Lile tunaloliita ua moja ni vijiua vingi sana vilivyobanana. Msichana mmoja aliyegundua hilo alikataa kuingia darasani mpaka amalize kuvihesabu. Nilimwacha.

Shangazi Mtu

Nimerudi kutoa mrejesho, na nawashukuru wote.

Nilimpelekea sepeto moja la mkono, la chuma, lenye mpini mfupi wa mbao unaojaa kiganjani mwake. Keni ya lita 1. Mbegu za zinia na alizeti, na pakiti ya akiba nikaiacha kwa mama yake. Kamba nilimkatia mwenyewe. Kaka akatoa kona ya ua inayopata jua tangu asubuhi, mtoto akakusanya mawe.

Kabla hajaanza, tulimwaga maji jioni ili udongo ulainike usiku. Asubuhi sepeto likaingia mara ya kwanza tu. Akalichomoa, akalichomeka tena pale pale, akanigeukia bila kusema kitu.

Siku ya sita akapiga simu kwa simu ya baba yake: "Shangazi, wamekuja wanne." Zinia hizo. Alizeti zikafuata.

Jana nilikwenda kuwaona. Nikasimama nje ya mawe, nikabisha hodi. Aliniambia ningoje kwanza, amalize kuchomeka kidole.