Nimalizie boma la Gungu au ninunue nyumba ya Kibirizi?

Mama Dagaa
Wana Kigoma mwisho wa reli, shikamooni wakubwa. Nina boma Gungu, vyumba vitatu, limeishia kwenye lenta tangu 2021. Kila nikishika vijisenti, ada za shule zinaviwahi. Sebuleni umeota mpapai, na mwaka huu umezaa.

Sasa dalali kaniletea nyumba Kibirizi, vyumba vinne vya kupangisha, elfu thelathini kila kimoja, bei milioni 11. Karatasi ni ya serikali ya mtaa tu. Nina milioni 6, tano nikakope kikoba, riba asilimia kumi, nirejeshe ndani ya mwaka. Baba watoto nimemwambia, kanyamaza. Akinyamaza najua ana neno. Nyie mwasemaje?

Fundi Katubuka
Dada, hapo unarejesha 5,500,000, yaani kama 458,000 kila mwezi. Vyumba vyote vikijaa unapata 120,000. Hiyo 338,000 iliyobaki itatoka kwenye dagaa? Na mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wasipotoka?

Mzee wa Mwanga
Binti yangu, mimi nina wapangaji tangu reli ikiwa reli. Mpangaji wa Kigoma anakulipa miezi mitatu, wa nne anakupa habari za msiba. Shimo la choo likijaa ni lako. Ile kodi ya jengo ya 1,500 inakatwa kwenye LUKU mpangaji akinunua umeme, atakudai umrudishie, na ni haki yake.

Muuzaji ana mke? Kama ni nyumba ya ndoa, mke asiposaini umenunua kesi. Kama ni ya urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, usikubali maneno ya kaka mkubwa.

Mtoto wa Ziwani
Hakuna aliyeuliza nyumba iko umbali gani na ziwa! Ziwa lilipopanda nilikuwa nimepanga huko Kibirizi, godoro nililitoa kichwani, maji kiunoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Dalali hakwambii hilo. Nenda na futi, kisha angalia ukuta nyuma ya makabati, siyo ule uliopakwa rangi juzi.

Mama Dagaa
Nimetoka huko sasa hivi. Mbele rangi mpya, inanukia. Nikamwomba mpangaji mmoja asogeze kabati: mstari wa maji, rangi ya chai ya rangi, unanifika juu ya goti. Kutoka mlangoni hadi majini nimehesabu hatua 41, na miguu yangu mifupi. Dalali akasema huo ni "unyevu wa mvua". Mke wa muuzaji alikuwa uani anaanika udaga, anashangaa kusikia kwamba mumewe anauza.

Baba watoto nimemsimulia, kacheka, halafu ndiyo akasema: "Paua vyumba viwili tuhamie, kodi tunayolipa sisi ndiyo faida." Fundi Katubuka, bati geji 30 siku hizi bei gani hapo mjini? Na huo mpapai niukate, au nisubiri yaive?

Fundi Katubuka
Subiri yaive. Kesho napita kupima, niwekee mawili.