Ugali uliolala na usagaji wa wanga

Mama Neema, Mbagala:
Naomba mnifafanulie: je, ni kweli kwamba kiporo cha ugali hupandisha sukari ya damu polepole kuliko ugali wa moto, ilhali sembe ni ileile?

Mwanafunzi wa Sayansi ya Chakula:
Kwa kiasi fulani ni kweli, dada. Wanga unapopikwa na maji, chembe zake huvimba na kulegea, hivyo vimeng'enya, yaani protini za mwilini zinazosaga chakula, huukata kwa urahisi. Unapopoa, sehemu yake, hasa amilosi (aina mojawapo ya molekuli zinazounda wanga), hujipanga upya na kukaza, ikafika utumbo mpana bila kusagwa, ambako bakteria huichachusha kama nyuzilishe. Mwaka 1992 mtafiti Englyst na wenzake waliugawa wanga kwa vipimo vya maabara: unaosagwa ndani ya dakika 20 ni wa haraka, kati ya dakika 20 na 120 ni wa polepole, na unaosalia ni sugu.

Mama Neema:
Nikikipasha moto je?

Mzee wa Kariakoo:
Amilosi iliyokaza haiyeyuki kwa joto la kuchemka, kwa hiyo kupasha hakuiondoi yote. Hata hivyo, sehemu sugu ni ndogo. Mimi ningeanza na dona, ambalo halikukobolewa. Na kwa joto letu hili, mwanangu, kiporo kilale kwenye friji, si mezani.